Neno Ambalo Shemeji Hakuweza Kulitamka

Kosa lilikuwa langu, na ninalikiri mapema ili msomaji asimlaumu mtu mwingine njiani. Mimi ndiye niliyemfundisha shemeji kufunga kompyuta.

Ninamwita shemeji ingawa hatukuwa na udugu wowote. Alikuwa mume wa mwalimu mwenzangu pale Mpanda. Nilipohamia kutoka Sumbawanga nikiwa na sanduku moja na homa, mwalimu huyo alinipokea, akanilaza chumba cha watoto wake na kuninywesha uji kwa siku nne. Baada ya uji huo nilimwita dada, na mume wake akawa shemeji bila kikao chochote kuitishwa.

Miaka hiyo ya mwisho ya tisini, nyumba yao kule Kashaulili ndiyo pekee katika mtaa wetu iliyokuwa na kompyuta. Shemeji aliinunua kutoka kwa mgeni mmoja wa mradi wa barabara aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili, na kioo chake kilikuwa kizito mpaka meza ikaanza kupinda, ikabidi fundi seremala aitwe aongeze miguu miwili katikati. Watu walipokuja kuiona kompyuta, wengi waliisifu meza.

Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya wiki sita Tabora. Wiki mbili za mwanzo tulisoma bila umeme, kwa hiyo kwa kweli ni wiki nne. Lakini Mpanda ya wakati ule, mtu wa wiki nne alikuwa mtaalamu, nami sikuwa na sababu ya kubisha.

Mwenye kompyuta alikuwa shemeji, lakini aliyeihitaji alikuwa dada. Alikuwa anaandika hadithi za watoto. Hadithi zake za kwanza alikuwa ameziandika kwenye madaftari ya shule, akayaweka kwenye kasha chini ya kitanda, na mchwa wakayasoma yote mpaka jalada. Hakulia, alinyamaza siku mbili tu, na kwa dada kunyamaza ni kubaya zaidi. Kompyuta ilipokuja akaanza upya. Alikuwa na hadithi kumi na mbili: ya kuku aliyekwenda kuishtaki mvua kwa mtendaji wa kata, ya boga lililokataa kuiva mpaka liombwe radhi, ya treni iliyochoka ikaomba likizo Kaliua, na nyingine za aina hiyo. Alizisoma darasani, na watoto walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuomba hadithi moja ya kuazima.

Kampuni moja ya vitabu Dar es Salaam ilikuwa imetangaza redioni kwamba inapokea hadithi za watoto, zilizopigwa chapa, mwisho Jumatatu fulani. Ukihesabu safari ya treni kutoka Mpanda mpaka Tabora, kisha Tabora mpaka Dar, na siku ya posta kupumua, treni ya mwisho iliyofaa ilikuwa ya Alhamisi, saa saba mchana. Jirani yetu mmoja, muuguzi, alikuwa anasafiri nayo kwenda likizo Tabora, naye aliahidi kuupeleka mzigo posta ya huko kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nieleze habari ya kufuli, maana ndiyo kiini cha mambo.

Kama wiki tatu kabla ya Alhamisi hiyo, mzee mmoja wa kanisa alikuja kusalimia, akaonyeshwa kompyuta, akaomba aiguse. Aligusa vizuri tu. Alipoondoka, hadithi ya boga haikuwepo. Dada aliiandika tena kwa kichwa, lakini shemeji alikuwa ameona uso wa mkewe, akanifuata nyumbani jioni ile ile akauliza kama mashine ile inaweza kufungwa kama duka.

Nikamwambia inawezekana, na nikamweleza kwa utaratibu kama ninavyokueleza wewe. Kompyuta ya namna ile ilikuwa na kufuli mbili. Ya kwanza ilikuwa juu juu, mtu yeyote angeweza kuiruka kwa kubonyeza kitufe kimoja pembeni, sawa na mlango wa kanga. Ya pili ilikuwa ndani ya mashine yenyewe. Ukiiwasha tu, kabla haijaamka sawasawa, inatoa kijisanduku cheusi katikati ya kioo na kudai neno la siri. Bila neno hilo haiendi mbele wala nyuma. Kwa majivuno ya wiki zangu nne, nikachagua ya pili.

Kisha nikampa ushauri ambao ninaujutia mpaka leo. Nilimwambia achague neno ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mtu, na ambalo hatalitamka kamwe, hata akiamshwa usingizini.

Shemeji alifikiri kidogo, uso ukamng'aa. Akaniomba nigeuke, niangalie ukutani. Nikasikia vitufe vikilia kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nilimsifu sana. Nilimwambia katika wanafunzi wangu wote yeye ndiye aliyeelewa haraka zaidi. Alikuwa mwanafunzi wangu wa pekee.

Tangu siku hiyo, kila dada alipotaka kuandika, shemeji ndiye aliyewasha mashine na kuandika neno huku mwili wake umeziba vitufe. Dada hakuuliza. Alidhani ni raha tu ya mwanamume mwenye ufunguo.

Kisha shemeji akaenda Inyonga. Alikuwa na mizinga yake ya nyuki huko porini, na ilikuwa wakati wa kurina. Alisema atarudi Jumanne. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, lori alilopanda likawa limevunjika ekseli pale Inyonga, na habari zikatufikia kwamba linasubiri ekseli nyingine kutoka Tabora, ambayo nayo inasubiri lori.

Alhamisi saa mbili asubuhi dada alituma mtu kuniita. Shule zilikuwa zimefungwa, nikafika haraka. Jenereta ilikuwa inanguruma uani, printa imeshawekewa karatasi, na kijisanduku cheusi kilikuwa kinatutazama katikati ya kioo.

"Kinataka nini hiki?" dada akaniuliza.

Nikamwambia kinataka neno la shemeji. Akaniuliza neno gani. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuambiwa.

Nataka msomaji ajue kwamba sikuchanganyikiwa. Kozini tulifundishwa kwamba mashine ikigoma, mtu huanza na vitu vidogo. Nikakagua nyaya zote, zilikuwa sawa. Nikakagua kibodi, kwa sababu kitufe kibovu kinaweza kuharibu hata neno sahihi. Kibodi ya mrina asali ni jambo la kipekee. Kitufe kimoja kilinata na kubaki chini kila nilipokibonyeza. Tukaigeuza juu ya gazeti na kuigonga mgongoni, wakatoka sisimizi wazima na wenye afya, maganda ya karanga, bawa moja la nyuki, na kipande cha nta. Tukaifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka vitufe vyote vikaruka juu vizuri.

Kisha tukaanza kubahatisha. Mashine ile ilikuwa na tabia moja ngumu, kwamba ukikosea mara tatu inaganda, inabidi uizime, usubiri, uiwashe tena na kuisikiliza ikihesabu vitu vyake. Tulijaribu majina ya watoto wote watatu. Ikaganda. Tukajaribu jina la dada, la kijiji alikozaliwa shemeji, na la timu yake ya mpira. Ikaganda. Dada akasema tujaribu neno asali, kwa kuwa mume wake si mtu wa mawazo marefu. Ikakataa hilo pia.

Siku hizi kila ninayemsimulia huniambia kwamba ndani ya mashine kulikuwa na betri ndogo ya duara kama sarafu, na kwamba ningeitoa kwa dakika chache kufuli ingesahau kila kitu. Ni kweli. Wiki iliyohusu betri ilikuwa moja ya zile mbili zisizo na umeme.

Ilipofika saa tatu tulipanda baiskeli yangu, dada nyuma, tukaenda kwenye ofisi moja karibu na stesheni iliyokuwa na redio ya upepo. Kwa wasioijua, redio hiyo ndiyo iliyokuwa simu yetu. Unaita kituo kingine, unasema ulichonacho, unamaliza kwa kusema "ovaa" ili mwenzako ajue zamu ni yake. Ubaya wake ni kwamba mnaongea watu wawili huku nusu ya mkoa inasikiliza. Vituo vyote vilivyofunguliwa vinasikia kila kitu, na asubuhi ya siku ya kazi hakuna aliyekuwa na jambo bora la kufanya.

Tukaiita zahanati ya Inyonga. Mpokezi wa redio wa huko, mzee mwenye sauti ya upole, akasema lori liko mbele ya dirisha lake na mtu wetu yuko chini yake. Baada ya dakika kumi tukasikia shemeji akihema.

Dada alimweleza hali, akamwomba neno la siri.  Shemeji akasema kwamba neno lipo, halijapotea, ila haliwezi kusemwa. Atakuja kuliandika mwenyewe.

"Treni ni leo," dada akasema. "Sema tu. Ovaa."

"Siwezi kulisema, mama watoto. Ovaa."

"Ni tusi? Ovaa."

"Si tusi. Ni jina la mtu. Ovaa."

Niliona dada akikishika kisemeo cha redio vizuri zaidi.

"Mtu mwanamke? Ovaa."

"Mwanamke," shemeji akasema. "Ovaa."

Hapo ikaingia sauti nyingine kabisa, ya kijana mchangamfu wa kituo kingine. "Hapa Kasekese. Samahani kuwaingilia, ila mzee, hapo ungesema mwanamume. Ovaa."

Dada hakumjibu Kasekese. Aliuliza kwa upole ulionitisha, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeiba chaki. Aliuliza kama yeye anamfahamu mwanamke huyo. Shemeji akasema anamfahamu sana. Dada akauliza kama amewahi kula nyumbani kwa mwanamke huyo.

"Nimekula," shemeji akasema. "Lakini nilipewa chakula changu pembeni, na yeye alikuwa ndani, hatukutazamana. Ovaa."

Mimi Mfipa sikuelewa kitu. Dada alielewa mara moja, nikaona mabega yake yakishuka.

"Ni mama yangu? Ovaa."

"Mimi sijasema," shemeji akasema. "Ovaa."

Inabidi nieleze, maana nilielezwa pale pale huku nikipanda baiskeli. Dada na shemeji wote ni Wasukuma, wa familia zilizoshuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Kwao mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mkwe wa kiume akimwona njiani anapisha porini. Jina lake halitamki kabisa, si mbele yake wala kwa kificho. Sasa fikiria nilichomwambia: achague neno ambalo hajawahi kulitamka na hatalitamka kamwe. Katika lugha zote anazozijua, shemeji alikuwa na neno moja tu la namna hiyo. Alinitii kuliko mwanafunzi yeyote duniani.

Basi kazi ilikuwa imekwisha, au tulidhani hivyo. Dada akaniandikia kwenye karatasi majina ya mama yake, la nyumbani, la ubatizo, na lile alilopewa baada ya kuzaa mapacha. Majina matatu, na mashine inaruhusu mara tatu. Nilipiga pedali mpaka Kashaulili nikiimba.

La nyumbani likakataliwa. La ubatizo likakataliwa. La mapacha likakataliwa, mashine ikaganda. Niliwasha tena, nikayarudia yote kwa kidole kimoja, polepole, nikiyatamka kwa sauti kila herufi. Ikaganda tena. Nikarudi stesheni bila kuimba.

Wakati huo ofisi ile ilikuwa imejaa. Watu waliokuja kutuma habari zao walikuwa wamekaa kwenye benchi na hawakuwa na haraka tena. Dada akamwambia shemeji kwamba majina yote ya mama yake yamekataliwa.

"Mmejaribu lile lenyewe? Jina lake hasa? Ovaa."

"Mama ana majina matatu. Ovaa."

"Basi kuna la nne," shemeji akasema. "Ovaa."

"Wewe unamjua mama yangu kuliko mimi? Ovaa."

"Katika jambo hili, ndiyo," akasema kwa heshima kubwa. "Nimelichunga miaka kumi na tisa. Ovaa."

Nikaomba kisemeo. Nilimkumbusha shemeji kwamba jina hilo alishaliandika kwa vidole vyake kila siku, kwa hiyo mdomo wake ungebaki safi. Aandike kwenye karatasi, ampe mzee wa redio, mzee asome. Akanijibu kwamba kuandika peke yako ukiwa umegeuzia watu mgongo ni jambo moja. Kumfanya mtu alitangaze jina la mkwe wako kutoka Inyonga mpaka ziwani ni jambo lingine. Nyie Wafipa, akasema, hamjui aibu hiyo inakaa mwilini kwa muda gani.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano. Dada akachukua kisemeo kutoka mkononi mwangu. Hakupandisha sauti.

"Baba watoto. Za kwanza zililiwa na mchwa, nikaandika tena. Boga likafutwa, nikaandika tena. Nikiikosa treni hii, ya tatu sitaandika, najijua. Mama yangu nitamwomba radhi mimi, kwa magoti. Andika. Ovaa."

Redio ikatoa mvumo tu. Kisha tukasikia karatasi ikichanwa, kalamu ikiombwa, kiti kikiburutwa. Mzee wa Inyonga akarudi hewani.

"Mpanda, hapa Inyonga. Nimeletewa karatasi imekunjwa mara nne. Mwenyewe amesimama nje ya mlango, ameniomba nisubiri azibe masikio. Sasa ameziba. Ninaifungua." Tukasikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikigeuzwa tena. "Mpanda, kabla sijasoma naomba kuuliza. Huyu mkwe ni mtu? Ovaa."

"Ni mtu," dada akasema. "Ni mama yangu mzazi. Ovaa."

"Nauliza kwa heshima. Mimi nimechunga tangu nikiwa mdogo, na hili jina si la mama wa mtu. Hili ni jina la ng'ombe. Ni maksai mwekundu mwenye baka jeupe linaloanzia tumboni na kupanda ubavuni. Hata ukienda mnadani leo ukilitaja watakuonyesha watatu. Ovaa."

Dada alikiweka kisemeo mezani taratibu, kama yai. Akaketi sakafuni. Nilidhani anazimia, nikainama kumpepea kwa daftari la ofisi, ndipo nikaona kwamba anacheka, ila cheko limemziba mpaka halina sauti. Lilipopata njia, lilitoka lote.

Ilichukua muda kupata maelezo kamili kati ya vicheko. Maksai huyo, aliyevuta plau miaka mingi, alikuwa wa baba yake dada. Shemeji alipokwenda kuoa, aliwaomba kaka zake dada wamnong'oneze jina la mama yao, ili ajue ni jina gani la kuepuka. Shemeji na mashemeji ni watani. Wale kaka walitazamana, wakamtazama maksai aliyefungwa nyuma ya zizi, wakamnong'oneza. Baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kumsahihisha, kwa sababu hakulitamka mbele ya mtu yeyote hata mara moja. Alikuwa anasema "yule mama", na kila mtu alijua ni nani.

"Ndiyo maana," dada alisema akijifuta macho kwa kanga. "Ndiyo maana mnadani! Akitaka kununua ng'ombe wa rangi hiyo anazunguka robo saa. Yule mwekundu, mwenye ile nyeupe, ile ya pale, inayopanda. Watu wanadhani ana kigugumizi."

Shemeji alikuwa ameitwa ndani na kuelezwa. Sauti yake ilirudi ikiwa ndogo sana, akiuliza kama ni kweli. Dada akasema ni kweli kabisa.

"Hapa Kasekese," ikaingia ile sauti changamfu. "Tunaomba kujua, huyo mkwe bado yupo hai? Ovaa."

Dada akachukua pumzi. "Alichinjwa siku ya harusi yetu. Ovaa."

Shemeji akarudi hewani.

"Mimi," akasema, "nililetewa paja. Ovaa."

Sijui kama kuna kituo chochote kilichofanya kazi kwa dakika tano zilizofuata. Benchi lilikuwa limelala ubavu. Mtu mmoja aliyekuja kutuma taarifa ya msiba alituomba radhi kwa kucheka, akatoka nje kujiweka sawa, akarudi akiwa bado hajakaa sawa.

Nikamwambia shemeji kwamba sasa hakuna kizuizi, ni jina la ng'ombe, alitaje tu mwenyewe. Alijaribu. Tulimsikia akijaribu. Alifungua mdomo, akasema silabi ya kwanza, akakohoa, akaomba maji. Miaka kumi na tisa ulimi umezoea kupinda pale, haukuweza kunyooka kwa siku moja. Ikabidi mzee wa redio alisome yeye, herufi kwa herufi, nami nikaandika mkononi kwa kalamu ya wino. Sitaliandika hapa. Dada aliniomba nisiliandike, kwa sababu anasema baada ya heshima yote ile, hata maksai amestahili.

Nilirudi Kashaulili kwa mwendo ambao baiskeli ile haikuwahi kuuona. Niliwasha mashine, kijisanduku cheusi kikatokea, nikaandika nikisoma mkononi mwangu. Kijisanduku kikatoweka kama hakijawahi kuwepo. Mashine ikahesabu vitu vyake, ikalia mlio mmoja, ikaamka. Hadithi zilikuwepo zote kumi na mbili, na boga lilikuwepo.

Nikaanza kuchapa. Printa za wakati ule zilikuwa za sindano, zinakwangua karatasi mstari kwa mstari kwa kelele ya mtu anayepara samaki, na karatasi yenyewe ni moja ndefu iliyokunjwa, yenye matobo pembeni. Dada alifika kwa miguu akiwa bado anacheka peke yake barabarani. Tulisimama pande mbili za printa tukiilea karatasi kwa mikono isikwame. Kila ukurasa ulipotoka, dada alisoma mstari wa kwanza na kusema, "Upo." Utepe wa wino ulianza kufifia kwenye hadithi ya tisa. Nikautoa, nikauzungusha kwa kidole, nikaurudisha, ukapata nguvu tena. Kama una printa ya namna hiyo, jaribu, usikate tamaa mapema.

Saa sita na dakika arobaini ukurasa wa mwisho ulitoka. Hatukuwa na muda wa kuchana. Dada alikusanya mkunjo wote kifuani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akapanda nyuma ya baiskeli, na upepo ukachukua ncha ya karatasi. Wapita njia wa Kashaulili walituona tukienda stesheni tukiburuta hadithi kama mita tatu nyuma yetu.

Treni ilikuwa bado, ila mlinzi alishainua bendera. Muuguzi wetu alikuwa dirishani akitutafuta. Dada alisimama chini yake akichana kingo zenye matobo na kutenganisha kurasa, akizipitisha juu hadithi moja moja, huku akitoa maelekezo bila kupumua. Zitiwe kwenye bahasha kubwa. Zisipelekwe kwa barua ya kawaida, zisajiliwe. Anwani iko ukurasa wa mwisho. Zisikunjwe. Kama mvua ikinyesha Tabora, ziwe chini ya nguo, si juu.

Muuguzi alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akizipanga kwenye mapaja yake. Kisha akaacha kuitikia. Treni ikashtuka, mabehewa yakagongana, dada akaanza kutembea sambamba na dirisha akirudia habari ya bahasha. Muuguzi hakumsikia. Alikuwa ameshika ukurasa wa kwanza kwa mikono miwili, na mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka pembeni. Akamgusa bega abiria aliyekaa naye, mama mmoja mwenye kikapu, akamwonyesha mstari kwa kidole.

"Sikiliza hii," tulimsikia akisema. "Kuku ameenda kwa mtendaji."

Dada akasimama. Behewa likatupita, kisha lile la nyuma yake, na muuguzi hakutupungia mkono kwa sababu alikuwa anasoma.